Soda za Posa Kwenye Buti

Nilifundisha kemia miaka sita mjini Tabora, kwenye shule ambayo maabara yake ilikuwa na meza nne, bomba lisilotoa maji, na mimi. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kitu nilichokuja kukivuruga nilikuwa nakijua. Mtu asiyejua akikosea, watu humwonea huruma. Anayejua akikosea, humcheka, na haki wanayo.

Somo langu la fahari lilikuwa lile la gesi kuyeyuka ndani ya maji. Kitabu kilikuwa na michoro ya mitungi na vipimo tusivyokuwa navyo, kwa hiyo kila mwaka nilinunua soda mbili. Moja niliitoa kwenye friji la mama mwenye duka nje ya geti, nyingine niliianika juani tangu asubuhi. Mbele ya darasa nafungua ile ya baridi: inapumua kidogo, psss, inatulia. Nafungua ile ya juani: povu linanipanda mpaka kwenye mkono wa shati. "Mmeona?" nasema, kwa sauti ya mtu aliyeiumba gesi mwenyewe. "Kinywaji kikiwa baridi, gesi inakaa ndani. Kikipata joto, inatoka. Kiwandani wameisukuma kwa nguvu wakaifungia kwa kizibo. Ukiondoa kizibo umeondoa nguvu, nayo inaondoka zake." Wanafunzi walikuwa wananipigia makofi, halafu wananinywea jaribio. Miaka yote sita sikuwahi kuonja hata tone.

Kitabuni palikuwa na mchoro wa mstari unaoshuka: joto likipungua, gesi inayoyeyuka inaongezeka. Mstari ule ulianza kwenye sifuri ukaelekea kulia. Kushoto kwa sifuri palikuwa na ukingo wa karatasi. Katika miaka sita sikujiuliza hata siku moja kuna nini upande ule, kwa sababu Tabora hakuna mtu aliyewahi kwenda huko. Friji la mama wa duka likianza kugandisha, alikuwa analichomoa.

Basi bwana, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikajikuta Herndon, Virginia, nikifanya kazi kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kusukuma mizigo ya jikoni, na moja ya mizigo hiyo ilikuwa mitungi ya gesi ya mashine ya soda. Unafungua mtungi, gesi inaingia kwenye maji ya baridi, maji yanachanganyika na sharubati, mgeni anaweka glasi anabonyeza. Wenzangu waliona mtungi. Mimi niliona somo langu limepewa kiwanda. Niliwaeleza wapishi mpaka mmoja akaanza kwenda chooni kila aliponiona nimeshika spana.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Alikuwa anasoma uhasibu chuoni College Park, Maryland, na tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, ambapo nilisimama kutoa ushuhuda uliokwenda dakika ishirini na tano. Aliniambia baadaye kwamba alinipenda pamoja na ushuhuda ule, si kwa sababu yake. Akiwa na furaha ananiita "wewe". Akikasirika ananiita "Mwalimu".

Sasa mama yake akaja kutoka Morogoro kumtembelea, wiki tatu, akafikia kwa wifi yake, shangazi wa binti, Rockville. Baba mtu miguu ilikuwa imemlemea, hawezi safari, lakini alikuwa amempa mkewe rungu lote: "Nenda kamwone huyo mwalimu wenu. Jibu utakalorudi nalo ndilo langu." Na huko nyumbani kulikuwa na daktari wa meno, mwenye nyumba yake na meno yake yote, ambaye alikuwa ameshatuma watu mara mbili. Mama anaondoka Jumatatu. Sisi tumepangiwa Jumamosi, saa nane mchana. Mama akipanda ndege hajaridhika, daktari wa meno anatuma watu mara ya tatu na mimi nabaki na mitungi yangu. Nilikuwa nampenda yule binti kiasi cha kukosa usingizi, na nilikuwa naogopa, acha tu nikiri.

Masharti yalikuwa mepesi. Mambo ya mahari yangekuja baadaye. Kwa siku ile walitaka mshenga, na kreti mbili za soda. Za chupa, mama alisema, si za kopo wala za plastiki. Kwao soda za posa zikifika, mama wa binti hufungua moja akanywa. Akinywa, umepokelewa. Akiiacha na kizibo chake, unabeba kreti zako unarudi nazo ulikotoka. Wenyeji nao huwapa wageni soda. Mgeni wa posa akipewa chai peke yake, ajue anasindikizwa.

Mshenga nilimpata chumba cha pili. Alikuwa Mkenya, mtu wa Murang'a, niliyekuwa nachangia naye nyumba ya kupanga, amenizidi miaka kumi hivi, kazi yake kuhudumia wazee wasiojiweza. Nilipomwambia kwamba mshenga ndiye husema na bwana harusi hunyamaza, alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe unyamaze? Hiyo nitalipia kiingilio nione."

Soda za chupa nilizipata kwenye duka la Walatino hapohapo Herndon, zimetoka Meksiko, zina sukari ya miwa. Zilikuwa kwenye maboksi, na posa haipelekwi kwa maboksi. Nikaazima kreti mbili za maziwa jikoni hotelini, nikazipanga chupa humo, nikafunika na khanga. Nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama. Jamani, zilipendeza.

Hii ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa kwanza. Swali likawa: zilale wapi? Hita ya nyumba yetu ilikuwa haina adabu. Mwenye nyumba ndiye aliyeiwasha na hakuna aliyejua inazimwa wapi, kwa hiyo nje kulikuwa Virginia na ndani kulikuwa Tabora, mwezi wa kumi. Friji lilikuwa limejaa nyama ya mbuzi ya mshenga. Nikawaza: chupa arobaini na nane kwenye joto hili usiku kucha, kesho zitafunguliwa mbele ya mkwe, povu mpaka kwenye mkono wa shati. La hasha. Nikabeba kreti moja moja, nikaenda kuzipakia kwenye buti la gari.

Mshenga alinikuta nalipiga buti kufuli, amesimama mlangoni na shuka begani.

"Hizo umepeleka wapi?"

"Kwenye buti. Baridi inatunza gesi."

"Weka soda ndani ya nyumba, bwana. Hii baridi si ya kuchezea. Mimi mwaka wa kwanza niliwacha maji kwa gari, asubuhi chupa imefura kama ina mimba ya miezi tisa."

"Hayo yalikuwa maji. Hii ina gesi."

"Na gesi haisikii baridi?"

"Nani amesoma kemia hapa?"

"Ni wewe."

"Basi."

"Haya, Mwalimu. Mimi nimenyamaza," akasema, akarudi kwa mbuzi wake.

Nikampigia mchumba kumjulisha kwamba kesho mama yake atakunywa soda yenye gesi ambayo Morogoro hawajapata kuiona. Akaniuliza nimeziweka wapi. Nikamwambia. Akasema, "Ziingize ndani, tafadhali." Nikamwambia, mpenzi, kuna kanuni. Akasema, "Haya." Watu wawili walinionya jioni moja, mmoja mwenye umri na mmoja mwenye akili, na mimi nikalala nikitabasamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wanaosema hivyo huwa hawasemi kwamba usiku wa kuamkia kuvunjika unalala vizuri sana.

Kesho yake sikulikagua buti hata kidogo. Mtu hakagui kanuni. Nikavaa suti, mshenga akavaa koti aliloachiwa na mzee mmoja aliyemhudumia, tukashika njia. Tulipokuwa tunavuka mto kuingia Maryland nikasikia nyuma: tak.

"Hiyo ni nini?" mshenga akauliza.

"Barabara."

Tak. Tak.

"Barabara inavunjikia ndani ya buti?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Kwenye maegesho ya ghorofa la shangazi, Rockville, nikafungua buti. Sijui niielezeje. Soda zilikuwa zimesimama wima bila chupa. Barafu ya kahawia, yenye kiuno na shingo vilevile kama chupa ilivyokuwa, na juu ya kila shingo kizibo kimekaa kama kofia. Vioo vilikuwa vimelala pembeni, vipande vipande. Khanga ilikuwa imegandia humo, ngumu kama bati. Nikainua barafu moja kwa kizibo chake, ikaja nzima.

Mshenga aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Mimi nimeishi," akasema, "lakini soda uchi sijaona."

"Nyamaza, tafadhali."

"Nimenyamaza tangu jana, Mwalimu. Umesahau?"

Tulichakura tukapata nzima tisa, zilizokuwa katikati ya kreti ambako wenzao walizikinga. Nazo zilikuwa nusu barafu, nusu uji. Kati ya arobaini na nane! Nilisimama pale na suti yangu, pua inachuruzika, nikihisi machozi karibu sana. Nikasema turudi tukanunue nyingine. Mshenga akatazama saa: imebaki dakika kumi, na kuchelewa posa ni kama kutofika. Tukazipanga zile tisa juu, chini tukajaza magazeti na glovu zangu, tukafunika na khanga iliyokuwa inaanza kulainika. Kreti moja tukaiacha garini. Ndivyo nilivyopanda lifti kwenda kuomba mke: na kreti ya magazeti.

Shangazi alitufungulia. Alikuwa nesi, mwanamke mpana mwenye kapeti jeupe, na tulivua viatu kabla hajasema. "Weka hapo, baba," akaniambia, akionyesha ukutani. Nikaweka. Pale ukutani ndipo tundu la hita lilipokuwa, hewa ya moto inapuliza. Niliona. Lakini ningesemaje? Kwamba nazihamisha kwa sababu zimeganda?

Mama alikuwa kwenye kochi, gauni la kitenge, kilemba cha heshima, mgongo umenyooka. "Shikamoo mama," nikasema, nikainama. "Marahaba, Mwalimu," akajibu, akanipa mkono wa kushoto akiomba radhi, kwa sababu kidole gumba cha kulia kilikuwa na plasta. Nikadhani amejikata akimenya kitunguu. Mshenga yeye akamshika bega kwa mikono miwili: "Mama uko salama kabisa? Na baridi?" Mama akamtazama mpaka mikono ikajiondoa yenyewe.

Tukakaa. Mchumba wangu alikuwa jikoni, kama ilivyo desturi, lakini mlango ulikuwa wazi na nilimwona upande mmoja wa uso. Mshenga alisema maneno yake, na niseme ukweli alisema vizuri kuliko nilivyostahili: kwamba amekuja na kijana, kijana ameona ua bustanini mwao, hana tamaa ya kulichuma kabla ya kuuliza wenye bustani. Shangazi akaitikia. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha ikaletwa chai.

Chai. Na maandazi. Soda haikuja. Nikasubiri. Nikatazama kule jikoni kama kuna mtu anatafuta opena. Hakuna. Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi.

"Tumepewa chai," nikamnong'oneza mshenga.

"Na imeiva kweli. Maziwa mengi."

"Tumepewa chai tu! Tumekataliwa!"

"Kwetu ukipewa chai kama hii umepewa kila kitu," akasema, akachukua andazi la tatu.

Mama hakuwa anakunywa. Alikuwa anatazama kreti, kisha mikono yake, kisha kreti. Shangazi akaona, akasema kwa uchangamfu, "Haya, wifi, tuone zawadi za wageni." Akainuka, akavuta khanga.

Khanga ilitoa maji. Chini yake chupa tisa, jasho linazitiririka, na katikati yake glovu yangu ya kushoto imeinua vidole.

"Tulisema kreti mbili," shangazi akasema taratibu.

Ndugu yangu, hapa ndipo ninapojichukia. Mshenga alifungua mdomo aseme, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mimi nikamkata. "Ni wale watu wa duka, shangazi," nikasema. "Wametuuzia chupa mbovu. Zilikuwa na nyufa tangu kiwandani. Tumefika hapa tukakuta zimepasuka."

"Mbovu?" mama akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu marahaba.

"Mbovu kabisa, mama. Kioo kikipozwa haraka kiwandani kinabaki na udhaifu ambao macho hayauoni." Nikaendelea. Nikaeleza mchanga unavyoyeyushwa. Nikaeleza tanuri. Sijui nilifika wapi, ila najua nilitumia mikono yote miwili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, bila kupepesa.

"Haya," akasema. "Fungua moja hiyo nzima."

Nikachukua moja. Ilikuwa na uvuguvugu kwa nje na kipande cha barafu kinaelea ndani, na mwalimu wa kemia mwenye akili angeiweka chini polepole akaomba kuondoka. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba hii angalau ni salama. Nikatia opena.

Haikusema psss. Ilisema kitu kingine. Kizibo kilipiga dari, povu likakifuata, kisha likarudi: kwenye kapeti jeupe, kwenye maandazi, kwenye bega la kitenge cha mama na kilemba chake cha heshima. Nikaiziba kwa kidole, na mtu yeyote aliyewahi kuziba soda kwa kidole anajua nilichofanya: niliielekeza. Ilimpata shangazi usoni.

Mshenga akasema jina la Yesu kwa Kikuyu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Hii ni kawaida, gesi ikipata joto..."

Mchumba wangu akatoka jikoni na taulo mbili. Moja akampa shangazi. Ya pili nilidhani atampa mama yake, lakini alikuja mpaka kwangu akanitazama. Alijua. Alikuwa ameambiwa kwa simu, na mimi mwenyewe, soda zimelala wapi. Alikuwa amesikia kila neno nililosema kuhusu tanuri. Angeweza kunifichua kwa sentensi moja, au kunisaidia kudanganya. Hakufanya lolote. Akanipa taulo.

"Futa, Mwalimu," akasema polepole.

Nikapiga magoti nikaanza kufuta kapeti. Ukiwa umepiga magoti huoni uso wa mtu, unaona miguu tu, na miguu ya mama ilikuwa palepale, soksi nyeusi za sufu, imetulia. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikawaza: nikisema kweli, anaondoka Jumatatu na habari za mjinga. Nisiposema, anaondoka na habari za mtu mzuri mwenye bahati mbaya, na binti yake anabaki anajua. Nikafuta palepale penye doa mpaka shangazi akasema inatosha, baba.

"Si duka, mama," nikaiambia ile miguu. "Duka halina kosa. Ni mimi. Nilizilaza kwenye gari, kwenye baridi. Nikaambiwa niziingize ndani, nikaambiwa na watu wawili, nikakataa. Nilijifanya najua. Nimekudanganya mbele ya mwanao, na nisamehe kama unaweza."

Hita ikapuliza.

Miguu ikasimama. Ikanipita. Nikasikia mlango wa chumba ukifunguliwa, na nyuma yangu nikasikia mshenga anaanza kuvaa koti la marehemu. Mchumba wangu alikuwa amejishika mdomo. Nikasema moyoni, basi, kwisha kazi, daktari wa meno hongera.

Mama akarudi na kifurushi cha taulo la kuogea, amekikumbatia kama mtoto. Akakiweka mezani kati ya vikombe, akakifungua. Vioo. Vipande vya vioo vya chupa, na vizibo, kama kumi na viwili hivi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Wifi, nisamehe na mimi."

Shangazi alikuwa bado anajifuta jicho. "Nini hiki? Si uliniambia umesahau kununua soda?"

"Sikusahau. Nilipozinunua juzi nilizificha, niwashangaze. Jana jioni nikaziweka roshani zipate baridi, wageni wanywe soda ya baridi. Friji lako limejaa. Nikasema, baridi ya bure hiyo. Asubuhi natoka nakuta..." Akashindwa neno, akachora chupa hewani kwa mikono, kisha akaiondoa chupa.

"Zimesimama zenyewe," nikasema, bado nimepiga magoti.

"Zimesimama zenyewe!" mama akasema, akanigeukia kwa mara ya kwanza kama mtu anayemjua. "Loh! Nilidhani ni uchawi. Nikaokota vioo kwa mikono, nikajikata, nikavificha uvunguni. Tangu alfajiri nakaa nawaza wageni wa mwanangu nitawapa nini, wakipewa chai si watasema tumewakataa?"

"Alisema!" mshenga akaropoka, andazi mkononi. "Alisema tumekataliwa! Mimi nikamwambia chai ni chai!"

"Halafu akaja huyu," mama akaendelea, "na khanga inayovuja. Nikajua palepale. Akaanza habari za duka. Nikasema moyoni, mwacheni. Akisema kweli, na mimi nitasema yangu. Asiposema, naondoka Jumatatu, na baba yake nitamwambia huyu mdomo wake mzuri mno." Akakaa. Akavua kilemba kilicholowa, akakikamua kwenye kikombe cha chai. "Sasa inuka, utachafua suruali. Nieleze. Imekuwaje?"

Nikainuka nikamweleza, na kwa mara ya kwanza maishani nilieleza kwa ufupi. Kwamba maji baridi yanaipenda gesi, lakini maji yakiganda hayaitaki tena. Barafu inapojipanga haiachi nafasi, inaifukuza. Gesi inasongamana juu chini ya kizibo, barafu nayo inavimba, na chupa imenaswa katikati ya ugomvi.

"Na wewe hukujua hilo," mama akasema.

"Kitabu kiliishia kwenye sifuri, mama."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka plasta ikamtoka, shangazi akafuata, na mchumba wangu akaketi chini kabisa mlangoni mwa jikoni, anacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Tulizifungua zilizobaki juu ya sinki, moja moja, mbali na watu. Gesi yote ilitoka. Kilichosalia kilikuwa maji ya kahawia yaliyokufa, tukayagawa kwenye vikombe vya chai. Mshenga akaonja, akakunja uso. "Hii haina gesi hata kidogo."

"Sukari ipo," mama akasema, akanywa chake chote, taratibu, mpaka chini. Kisha akanijazia changu. "Kunywa, mwanangu."

Hakusema Mwalimu. Nilikunywa ile soda mfu mpaka chini, kama yeye.

Halafu shangazi akaleta kadi ya simu, akakwangua namba, akampigia baba mtu, maana kwao ilikuwa karibu saa sita usiku na mzee alikuwa amekataa kulala. Sauti yake ilisikika mpaka kwetu, kali na ya wasiwasi.

"Kreti mbili zimefika?"

Mama akatazama kapeti. Akatazama taulo lenye vioo vyake, na glovu yangu iliyokuwa inakauka kwenye hita.

"Zimefika," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Na huyo kijana?"

Mama akanitazama kwa muda, mimi na suti yangu iliyolowa magotini.

"Na yeye kafika," akasema. "Lala sasa, mume wangu."